Tabora Inataka Mall, Ila Isimsubiri Mgeni Mwenye Jina Kubwa

Mtu akiposti picha yupo kwenye ngazi za umeme Mlimani City, au anakula aiskrimu Rock City Mall pale Mwanza, haipiti dakika mtoto wa Tabora ameshauliza: "Na sisi lini?" Swali halali kabisa. Mji una hadhi ya manispaa, una vyuo, una reli, ligi ikichezwa Ali Hassan Mwinyi watu wanajaa. Halafu wikiendi ikifika, kijana anayetaka kutoka na mtu wake anachagua kati ya baa na baa nyingine.

Ndiyo maana bosi mwenye ghorofa la zamani katikati ya mji akianza kupiga rangi na kubandika vioo vya bluu, mji mzima unachangamka. (Kila mji wa mkoani una bosi wa aina hii, na vioo vya bluu ni lazima, hakuna anayejua kwa nini.) Shida inaanza akiulizwa nani atapanga. Jibu huwa lile lile: tunasubiri supamaketi kubwa, mazungumzo yanaendelea. Huku nyuma wapangaji wa zamani walishaambiwa wapishe ukarabati. Fremu za chini zina makufuli mapya. Mdada aliyekuwa anauza vijora pale mlangoni sasa anauzia chumbani kwake, anapiga picha nguo zikiwa zimetundikwa kwenye pazia.

Hao wanaosubiriwa wana historia, tena ya juzi tu. Mlimani City ilipofunguliwa mwaka 2006, kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majina yaliyobeba jengo yalikuwa Shoprite na Game, wote wa Afrika Kusini. Mwaka 2014 Shoprite wakawauzia Nakumatt wa Kenya maduka yao ya Tanzania wakaondoka. Nakumatt nao wakazama kwenye madeni, rafu zikaanza kuonekana tupu, wakafunga. Uchumi, Wakenya wengine, walifunga maduka ya Tanzania na Uganda kwa mpigo Oktoba 2015. Mwaka 2021 wenye Game wakatangaza kwamba wanaachana na Afrika Mashariki.

Na hiyo ni Dar, mji wa watu zaidi ya milioni tano, wenye mishahara ya benki na ya balozi. Kama Dar iliwashinda, bosi wa Tabora anawasubiri waje kumuuzia nani?

Mlimani City yenyewe haikufa, na hapo ndipo penye somo. Majina makubwa yalipoondoka, watu waliendelea kwenda kwa sababu kulikuwa na benki, maduka ya simu, sinema na sehemu za kula. Biashara ya mall ilivyo, mpangaji mkubwa huwa anabembelezwa: kwa kila mita ya mraba analipa kidogo kuliko wenzake, kwa sababu ndiye anayedaiwa kuleta watu. Pengo hilo linazibwa na wadogo. Muuza viatu na kinyozi wanamlipia mkubwa nauli ya kuja. Akiondoka, wao wanabaki na kodi ya juu na korido isiyo na mtu.

Tabora ingepaswa kuyajua haya kuliko mji wowote. Karne ya 19, kabla Dar haijawa kitu, Unyanyembe ndiyo ilikuwa njia panda ya misafara kutoka Bagamoyo: moja inakwenda Ujiji, nyingine inapanda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857 walikuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wameshajenga na kutulia. Kulikuwa na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kulikuwa na pembe za ndovu, na kulikuwa na watu wanaouzwa, hilo lisipambwe. Ila misafara haikula merikani. Ilikula nafaka za wakulima wa palepale, na mizigo ilipanda mabegani mwa Wanyamwezi, ambao wengi walikuwa wanafanya biashara zao wenyewe njiani. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, misafara ikaisha. Waliokuwa wanailisha hawakwenda popote.

Sasa reli ya kisasa nayo inajengwa kuja huko huko, na mabosi wameanza ndoto mpya: treni ikifika, wageni watajaa. Labda. Lakini treni hiyo hiyo itampeleka mtu wa Tabora Kariakoo kwa haraka na kumrudisha na mabegi yake. Kama mjini kwake hakuna kinachomshika, reli itakomba wateja badala ya kuwaleta.

Mpangaji mkubwa Tabora anaye tayari, ila hana bango la taa. Ni mwenye duka la jumla ambaye mangi wote wa Ng'ambo na Cheyo wanaamkia kwake. Ni wauza asali, ambao mkoa mzima unasifika kwa mali yao na bado inauzwa kwenye chupa za maji zilizotumika, haina hata lebo. Ni mama wa chakula mwenye foleni saa saba mchana, mpe maji ya bomba na meza ishirini uone. Na ni yule mdada wa pazia mwenye wateja mpaka Nzega na Urambo anaowatumia mizigo kwa basi.

Kinachowazuia hao ni mlango wa kuingilia. Fremu nzuri mjini inadai kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi, juu yake kilemba, juu yake chake dalali. Mtu anamaliza mtaji kabla hajanunua hata hanga. Bosi mwenye akili angechukua kodi ya mwezi mwezi kwa mwaka wa kwanza, au asilimia ya mauzo. Lipa namba ipo, mauzo yanaonekana, hakuna wa kumdanganya mwenzake sana.

Wapo watakaosema hiyo sio mall, ni soko lenye vigae. Sawa, na liwe. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, serikali ililikarabati na kujenga jingine pembeni. Kelele kubwa haikuwa ya vigae. Mwaka 2024 majina ya wanaorudi yalipotoka, waliojikosa kwenye orodha walijitokeza hadharani kulalamika, kwa sababu waliona jengo linang'aa na wao wako nje. Swali hilo hilo linaisubiri Tabora kwenye kila ghorofa linalobanduliwa plasta leo. Mkataba wa mpangaji wa zamani, unaosema atarudi kwenye fremu ipi na kwa bei gani, uandikwe kabla fundi hajapandisha ngazi. Vioo vya bluu vinaweza kusubiri.