Kandeke, kidege au mfano wa ndege?

Kuna watu wazima, wengi wao Ulaya, Marekani na Japani, wanaokusanya ndege ndogo za chuma. Ni ndege halisi zilizopunguzwa kwa kipimo kinachojulikana, 1:200, 1:400 au 1:500, zikapakwa rangi na maandishi ya shirika fulani la wakati fulani. Mimi pia ninazo, nne tu. Sitaki kumshawishi msomaji anunue. Nataka tukubaliane tuziiteje kwa Kiswahili, kwa sababu jina ndilo litakaloamua tuzidai nini.

Mtaani hapa Lubumbashi jibu ni rahisi: kandeke. Kiambishi ka- kimemaliza kazi yote, kimeipunguza ndeke, kikaongeza mapenzi kidogo na dharau kidogo. Kiswahili sanifu kingesema kidege, na hapo tunaingia katika tatizo lingine. Sote tulifundishwa kwamba ndege anayeruka ana manyoya na ndege inayoruka ina injini. Upatanisho ndio unaowatenganisha. Ukiweka ki-, tofauti hiyo inafifia. Kidege kimeanguka: kipi, cha mtini au cha mezani?

Wengi wanasema ndege ya kuchezea, na jina hili ndilo ninalolipinga. Kitu cha kuchezea hakiwezi kusema uongo. Mtoto wa Kamalondo akitengeneza gari la waya na magurudumu ya vifuniko, hakuna anayemuuliza ni Toyota ya mwaka gani. Anataka liende. Likienda, limetimia.

Mfano unadaiwa zaidi. Mfano ni lazima uwe mfano wa kitu, na 1:400 ni ahadi. DC-10-30 ina urefu wa mita 55 na kidogo, basi mfano wake hauna budi kukaribia sentimita 14. Ukipungua, rula itasema. Kwa hiyo nachagua mfano wa ndege, ingawa ni maneno matatu na kandeke ni moja.

Kwa nini nishikilie jambo dogo hivi? Angalia jinsi vitu hivi vinavyotengenezwa. Kiwanda huchonga kalibu moja ya aina fulani ya ndege, kisha huipaka rangi za mashirika kumi, ishirini. Kwetu wanaisimu hili si geni, ni mzizi mmoja na viambishi vingi. Lakini kalibu ni ghali na rangi ni rahisi, kwa hiyo kishawishi kipo daima: kuchukua kalibu iliyopo na kuipaka rangi za shirika ambalo halikuwahi kurusha ndege ya aina ile. Mkusanyaji wa Frankfurt akiona hivyo anacheka na kupita. Ana vitabu, ana picha, ana makumbusho ya kwenda kuhakikisha. Sisi tutahakikisha wapi?

Air Congo ilianzishwa mwaka 1961. Ikawa Air Zaïre mwaka 1971, nchi nayo ilipobadilishwa jina, na ikafilisika mwaka 1995. Mimi sikuwa nimezaliwa. Waliopanda DC-10 zake wanazeeka, na wanachokumbuka zaidi ni kuchelewa. Ndiyo maana waliiita Air Peut-être. Mwishoni mwa mwaka 2024 likaanza shirika jipya, kwa ubia na Ethiopian Airlines, nalo linaitwa tena Air Congo. Mashirika mawili, jina moja. Mfano ulioandikwa Air Congo bila kutajiwa mwaka ni homonimu isiyo na muktadha. Na kwa mtoto anayezaliwa leo Katuba, inawezekana kabisa kwamba kitu cha sentimita 14 juu ya meza ya mtu ndicho kitakuwa ushahidi pekee wa Air Zaïre atakaoushika kwa mkono. Ushahidi ukiwa wa uongo, nani atamsahihisha?

Mwenzangu mmoja wa darasa anasema haya ni mapenzi ya wenye pesa, na kwamba mtu wa bweni anayekula mara moja kwa siku hana haki ya kukusanya ndege. Kuhusu bei simbishii. Kuhusu haki, ndiyo. Chuma chenyewe kinaitwa zamak, jina lililotungwa kwa herufi za kwanza za maneno ya Kijerumani: Zink, Aluminium, Magnesium, Kupfer. Karibu yote ni zinki, alumini ni asilimia 4 hivi, shaba ni kidogo sana. Zinki na shaba! Mtu wa Katanga hahitaji kamusi hapo. Kipushi iko kilomita 30 hivi kutoka hapa. Sisemi zinki ya ndege yangu ilichimbwa Kipushi, hakuna awezaye kujua. Nasema tusijifanye wageni mbele ya kitu hiki.

Tena chuma hicho nacho hufa. Zinki ikichanganyika na risasi (ile madini, si ya bunduki), mfano huoza kutoka ndani. Huvimba, hupasuka, humeguka, na hauna dawa. Mifano mingi iliyotengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia imeharibika hivyo. Kwa hiyo hata mwenye mfano sahihi asitegemee chuma peke yake. Aandike.

Pendekezo langu kwa fakulte ni kabati moja tu, karibu na kanda za masimulizi tunazokusanya vijijini. Kila mfano uwe na kadi ya Kiswahili: aina ya ndege, kipimo, shirika, namba ya usajili inayoanza na 9Q kama imeandikwa, miaka, na makosa. Makosa hasa. Kadi ya kwanza nimekwisha kuiandika: “Mfano wa DC-10-30, 1:400. Air Zaïre. Chui mkiani. Herufi za ubavuni ni kubwa kupita kiasi; nukta mbili za ï hazipo.”