Nimelipia, Sikununua

Nyumbani kwangu pana ugomvi usiokwisha baina ya vijana wawili: mwanangu, na mtoto wa kaka yangu ambaye huja kwetu kila likizo. Mwanangu ni mtu wa kompyuta. Mwenzake ni mtu wa konsoli, ile mashine ya michezo inayochomekwa kwenye televisheni na kuchezwa kwa pedi. Likizo iliyopita walichoka kubishana wenyewe, wakaniletea shauri lao. "Baba mdogo," alisema yule mgeni, "wewe ni mtu wa maneno. Tusikilize, kisha useme nani ana hoja."

Nikawasikiliza. Mwenye konsoli alisema kwamba chombo chake hakimsumbui mtu: unachomeka, unawasha, unacheza. Gemu iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo itafanya kazi humo, wala hutaulizwa una kadi gani ya picha au kumbukumbu kiasi gani. Mwenye kompyuta akajibu kwamba mashine yake ni moja na kazi zake ni nyingi. Anaandikia kazi za shule, anachezea, na kifaa kimoja kikichakaa hubadilisha hicho, si mashine nzima. Hoja zote mbili zilinipendeza. Zilinikumbusha mjadala wetu wa mashairi ya arudhi na mashairi huru: mmoja anapenda mipaka kwa sababu inamtuliza, mwingine anapenda uhuru na yuko tayari kubeba taabu zake.

Kabla sijatoa hukumu, yalitokea mambo mawili yaliyoniondoa kwenye kiti cha uamuzi.

Konsoli ile tuliipata ya mtumba, ikiwa na gemu kumi na mbili ndani yake, na muuzaji alituhakikishia kuwa zote ni zetu. Jioni moja kijana aliiwasha akakuta alama ya kufuli juu ya kila gemu. Tulipoipeleka kwa fundi, tuliambiwa kwamba gemu zote zilisajiliwa kwa akaunti ya mtu tusiyemjua, na ruhusa ya kuzichezea kwenye mashine yetu ilikuwa imeondolewa. "Mashine ni yenu," alisema fundi, "lakini vilivyomo vina mwenyewe."

Mwanangu alimcheka mwenzake siku tatu. Siku ya nne bando lilikwisha, na gemu yake aliyoitolea akiba ya miezi kadhaa ikakataa kufunguka. Ni gemu anayoicheza peke yake, bila mshindani wa mbali. Kompyuta ilikuwapo, umeme ulikuwapo, gemu yenyewe ilikuwa imekwisha kupakuliwa. Kilichokosekana ni intaneti, ili gemu ikaulize kwa waliyoitengeneza kama kijana huyu bado ana ruhusa. Alikaa mbele ya kioo kama mtu aliyefungiwa nje ya chumba chake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba shauri lile halikuwa la konsoli na kompyuta. Wote wawili walikuwa wakilalamika kwa kitenzi kimoja: "Lakini tumenunua!" Kitenzi hicho ndicho kilichowadanganya, na sisi wapenzi wa lugha tuna la kusema juu yake.

Kiswahili si maskini katika mambo ya mali. Ukichukua jembe la jirani ukalirudisha lilelile, umeliazima. Ukichukua fedha ukarudisha nyingine za thamani ileile, umekopa. Nyumba ya mtu unaipanga, gari la mtu unalikodi. Kilichowekwa kwako kwa uaminifu ni amana. Na kununua ni jambo zito kuliko yote hayo: unatoa thamani, mwenye kitu anaondoa mkono wake, nawe unakuwa mwenye kitu. Baada ya hapo unaweza kukitumia, kukiazimisha, kukiuza, au kukiacha kiwe urithi. Hata mnunuzi wa diwani yangu, ingawa hapati haki ya kuichapisha upya, nakala aliyoishika ni yake. Sina ruhusa ya kwenda usiku kuitoa katika rafu yake.

Katika biashara ya vitu vya kidijitali, jambo hilo limewahi kutokea kweli. Mwaka 2009, Amazon ilifuta kutoka katika visomeo vya Kindle nakala za vitabu viwili vya George Orwell, baada ya kubainika kuwa aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Wasomaji walirudishiwa fedha, lakini vitabu vilikuwa vimeondoka mikononi mwao bila wao kuulizwa. Kimojawapo kilikuwa 1984, riwaya inayosimulia dola inayofuta maandishi.

Katika michezo, njia hiyo ilianza kuchongwa mapema. Half-Life 2 ilipotoka mwaka 2004, hata aliyenunua diski dukani alilazimika kuisajili kupitia Steam kabla ya kucheza. Watu wa konsoli waliwacheka watu wa kompyuta. Mwaka 2013 kicheko kiligeuka: Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One ingehitaji kuunganishwa na intaneti kila baada ya saa 24, na kwamba kungekuwa na masharti juu ya gemu zilizokwisha kutumika. Wachezaji waliwaka hasira, na kampuni ikaliacha wazo hilo kabla mashine haijaingia sokoni. Lakini mwendo haukusimama. PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020, ilikuja na toleo moja lisilo na mahali pa kutia diski. Na baadhi ya kadi za gemu za Nintendo Switch 2, ya mwaka 2025, hazina gemu ndani yake: ni ufunguo tu, gemu yenyewe huna budi kuipakua.

Kisha kuna The Crew, gemu ya mbio za magari iliyotolewa na Ubisoft mwaka 2014. Ilihitaji seva za kampuni hata kwa aliyecheza peke yake. Seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, gemu ilikufa kwenye konsoli na kwenye kompyuta kwa siku moja. Waliokuwa na diski walibaki na diski. Mauti hayo hayakuuliza nani alikuwa wa upande gani.

Nitaambiwa kwamba hakuna dhuluma mahali palipo na mkataba, na kwamba yote yameandikwa katika vigezo na masharti. Ni kweli yameandikwa. Lakini yameandikwa ndani, kwa herufi ndogo, kwa lugha ya wanasheria, ilhali nje, juu ya kitufe kikubwa chenye rangi ya kuvutia, limeandikwa neno moja: nunua. Mkataba unaosema jambo moja mlangoni na jingine chumbani una kasoro ya lugha kabla hata ya kuwa na kasoro ya sheria.

Nitaambiwa pia kwamba kukodi si dhambi. Nakubali. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba za kupanga na tumekuwa watu. Gemu ya kukodi kwa bei ya kukodi ni biashara halali, na kijana asiye na uwezo huenda ikamfaa zaidi. Ninachokikataa ni kodi inayotozwa kwa bei ya kununua na kuitwa kununua. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Aliyeazima kwa kujua atajihadhari, lakini aliyeambiwa nguo ni yake atakwenda nayo harusini, avuliwe mbele za watu.

Wapo walioanza kulishughulikia neno hili. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayowakataza wauzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno la kununua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Haiwahusu wanaompa mteja nakala ya kupakua na kuitumia daima bila intaneti. Sheria hiyo haikurudisha gemu ya mtu. Imedai tu kwamba neno limaanishe linachosema, na kwangu mimi hilo si dogo.

Sisi hatuna haja ya kungoja bunge ili tuseme sawasawa, kwa kuwa neno tunalolihitaji tunalitumia kila mwezi. Hakuna mtu mtaani kwetu anayesema amenunua chaneli za televisheni. Husema, "Nimelipia king'amuzi." Muda ukiisha, picha zikakatika, hakasiriki kama aliyeibiwa, kwa sababu kitenzi chake kilimwambia ukweli tangu mwanzo. Kulipia ni kutoa fedha kwa ajili ya kitu, bila kuahidiwa kwamba kitu hicho kitakuwa chako. Basi wanaotafsiri programu na maduka ya mtandaoni kwa Kiswahili waandike "Lipia" pale panapouzwa ruhusa, na neno "Nunua" walihifadhi kwa kitu ambacho mteja atakishika na hakuna atakayekifuata. Nasi tuwafundishe watoto wetu tofauti hiyo kabla hawajavunja vibubu vyao.

Vijana walidai hukumu, na mtu wa maneno hawezi kuwaacha vijana mikono mitupu. Niliwaandikia ubeti huu, wakaubandika ukutani juu ya televisheni:

Kununua si kukodi, maneno tusichanganye,
Aliyelipa nakidi, mali msimnyang'anye,
Leseni iwe shahidi, na mapema ituonye,
Kama kodi, sema kodi, kununua usiseme.

Ugomvi wa konsoli na kompyuta haujaisha, wala sitarajii uishe. Lakini juzi nilimsikia mtoto wa kaka yangu akimsimulia rafiki yake kwa simu habari za gemu mpya. Alianza kusema "nimenu...", akasita, akajisahihisha: "Nimeilipia." Kisha akauliza swali ambalo mimi, kwa umri wangu wote, sikuwahi kumuuliza muuzaji yeyote: "Na wakizima huko kwao, mimi nitabaki na nini?"