Gari dogo la Kabeza, dizeli ya nini?

Mfanyabiashara akiuza pikapu ya dizeli ili anunue gari dogo, mara nyingi hung'ang'ania dizeli ileile kwa mazoea. Tuulizane kwanza: gari litakwenda wapi? Kama kila wiki unapakia hadi Rusumo, kilomita 160 hivi kutoka Kigali, dizeli inakufaa; lita moja hufika mbali zaidi. Lakini kama mzigo unasafiri kwa lori la kukodi, nawe umebaki na safari za Kabeza, Remera na Nyabugogo, nunua la petroli. Injini nyingi za kisasa za dizeli zina chujio la masizi, nalo hujisafisha zikipata moto wa safari ndefu. Kwa vijisafari vya dakika kumi huziba (wauzaji hawalisemi hili). Na nozeli zikifa, mtaji wa bidhaa ndio utakaozilipia. Ulizia bei yake kwa fundi kabla hujatoa fedha.