Kwa Mnaosema Nimekuwa Mkono wa Birika

Columbus, Ohio

Ndugu zangu mlio nyumbani,

  

Maneno yamenifikia. Yameanzia kwenye kundi la ukoo, yakazunguka Tanga, yakapitia Morogoro, na yakanikuta hapa kabla sijamaliza shifti. Kwamba tangu ninunue nyumba nimekuwa mkono wa birika. Kwamba mchango wangu wa harusi ulilingana na wa mwanafunzi wa chuo. Kwamba mtu anayelala kwenye nyumba ya ghorofa yenye gereji hana haki ya kusema hana.

Sijakasirika, maana kwa jinsi nyumba inavyopatikana kwetu mna sababu ya kusema hivyo. Kwetu mtu akihamia kwake, ujue amemaliza. Amenunua kiwanja, amemwaga msingi, amekaa miaka akitafuta pesa ya nondo, boma limeota majani hadi majirani wakaanza kumsema, kisha akapaua na kuingia hata madirisha ya nyuma hayajapata vioo. Shida zote zimetangulia. Akishaingia ndani hadaiwi na mtu, labda fundi. Huku ni kinyume chake. Unaingia kwanza, unapiga picha ya sebule na kuituma WhatsApp, mnasema hongera, halafu ndipo shida inapoanza, na imepangiwa miaka 30.

Hati ina jina langu na la mume wangu, ni kweli. Lakini dhamana ya benki imeandikishwa juu ya hati hiyo hiyo kwenye ofisi ya kaunti. Tukiacha kulipa, benki inakwenda mahakamani, na hapa Ohio mara nyingi anayekuja kuinadi nyumba ni sherifu. Wenyeji wa jimbo hili hawayasemi hayo kama hadithi. Kwenye miaka ya mgogoro wa mikopo ya nyumba uliolipuka 2007 na 2008, kuna mitaa ya Cleveland, kama Slavic Village, ambako nyumba baada ya nyumba zilibaki tupu zimepigwa mbao madirishani.

Sasa nipeni dakika chache za hesabu, maana bila hesabu barua hii itaonekana ni ya kujitetea tu. Tulikopa dola 200,000 mwaka 2023, riba isiyobadilika ya asilimia 6.5 kwa mwaka. Rejesho la kila mwezi ni dola 1,264, bila kodi ya nyumba wala bima. Katika rejesho la kwanza, dola 1,083 zilikwenda kwenye riba. Zilizopunguza deni lenyewe hazikufika hata 181. Soma tena hapo, kaka yangu unayenicheka: mtu ametoa dola 1,264 na deni limepungua kwa 181. Na haibadiliki haraka. Ukilipa kama ulivyopangiwa, ni mpaka mwaka wa 20 ndipo sehemu inayopunguza deni inaizidi ile ya riba. Mwisho wa miaka 30 utakuwa umelipa kama dola 455,000 kwa nyumba uliyokopea 200,000.

Wala hakuna aliyetuibia. Riba inahesabiwa kila mwezi juu ya deni lililobaki, na mwanzoni karibu deni lote limebaki. Ila hesabu hiyo hiyo inaweza kumfaa mkopaji. Dola 100 ya ziada ikiingia kwenye deni la msingi mwanzoni kabisa inafuta karibu dola 700 za marejesho ya mwishoni. Dola 100 hiyo hiyo ikiingia mwaka wa 25 inafuta kama dola 140 tu. Ndiyo maana tunabana sasa, tukiwa bado na nguvu za kufanya ovataimu, na hatungoji kuzeeka.

Tunaongeza dola 300 kila mwezi. Kwa mwendo huo deni litakwisha kwa miaka 18 na kidogo badala ya 30, na tutakuwa tumeokoa kama dola 113,000. Kuna na faida nyingine ndogo ya karibu zaidi. Kwa kuwa malipo yetu ya awali yalikuwa asilimia 10 tu, tunatozwa kila mwezi bima inayomlinda mkopeshaji, haitulindi sisi hata kidogo. Sheria ya mwaka 1998 inaturuhusu kuomba iondolewe deni likishuka hadi asilimia 80 ya thamani ya nyumba tuliponunua. Kwa malipo ya kawaida tungefika huko baada ya karibu miaka minane. Kwa hizi 300, ni miaka mitatu na nusu.

Hizo 300 ndizo mnazoziita ubahili. Njooni mzione zinatoka wapi.

Gari ni moja, Corolla ya zamani isiyodaiwa. Mume wangu anafanya usiku ghalani, mimi mchana kwenye nyumba ya kulelea wazee, kwa hiyo tunapishana mlangoni na kukabidhiana ufunguo. Kuna siku nakumbuka kumuuliza habari za usiku akiwa tayari anakoroma. Kipimo cha joto ndani ya nyumba kinakaa 64 za Fahrenheit, kama 18 za kwenu, na mtoto akilalamika anaonyeshwa sweta. Mimi juu ya sweta najifunga kitenge. Jumapili napika sufuria mbili kubwa, moja ya maharage, nyingine ya mapaja ya kuku ambayo ndiyo nyama ya bei nafuu hapa, nagawa kwenye vikontena mpaka Ijumaa. Kazini wenzangu wanaagiza chakula cha dola 15, mimi napasha kiporo changu, na harufu ya tangawizi inawaleta wenyewe kuniuliza nimepika nini.

Nguo tunanunua mitumba. Ndiyo, mitumba, hapa Marekani. Ni zile zile zilizotolewa msaada, ila sisi tunazichambua kabla hazijafungwa marobota kuja soko la Karume. Vitabu vya watoto tunaazima maktaba ya umma, ambayo tangu mwaka 2017 haitozi faini ukichelewa kurudisha. Nywele tunasukana wenyewe.

Halafu kuna usiku wa kulipa. Kwenye ukurasa wa kampuni inayokusanya marejesho kuna visanduku viwili vya kuandika kiasi. Ukiweka zile 300 kwenye kisanduku kisicho chake, wanahesabu kwamba umetanguliza rejesho la mwezi ujao, na pesa yako inakaa tu huku riba ikiendelea kula palepale. Lazima iandikwe kwamba ni ya deni la msingi peke yake. Kwa hiyo nalipa, nangoja siku mbili tatu, nafungua tena na kuangalia kama deni limeshuka kwa kiasi kilekile nilichokipiga kwenye kikokotoo. Mume wangu ananicheka kwamba nalikagua deni kuliko mtu anavyokagua mshahara. Anacheka, lakini asubuhi swali lake la kwanza ni kama limeshuka.

Najua jibu la mjomba. Ameshanipigia, akaniambia: mwanangu, hizo 300 zilete huku ununue kiwanja, au uweke kwenye hati fungani za serikali, upate riba ya tarakimu mbili wakati deni lako ni la asilimia 6.5. Mjomba hajakosea hesabu. Ila deni langu ni la dola, na shilingi haikai pale unapoiacha. Mwaka 2021 dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Sehemu ya ile riba nzuri ingeliwa hapo. Na habari za viwanja, mjomba, wewe ndiye uliyenisimulia kile kilichouzwa kwa watu watatu, kila mmoja na karatasi yenye muhuri. Kupunguza deni la asilimia 6.5 ni kama kupata faida ya asilimia 6.5 isiyohitaji msimamizi, shahidi wala mwenyekiti wa mtaa.

Lakini sitaki mtu aichukue barua hii na kuwapelekea Waswahili wote wa Marekani kama amri. Walionunua au kubadili mikopo yao kati ya 2020 na mwanzo wa 2021 walipata riba ya chini ajabu. Kwa takwimu za Freddie Mac, wastani wa mkopo wa miaka 30 ulishuka hadi asilimia 2.65 Januari 2021, kisha ukapanda hadi 7.79 Oktoba 2023. Mwenye deni la asilimia tatu hana haraka. Akiweka pesa yake kwenye akaunti ya akiba yenye riba kubwa kuliko hiyo, amenizidi akili. Na mwenye deni la kadi ya benki, ambalo hapa kwa kawaida linavuka asilimia 20, akianza kulipa nyumba haraka amekimbiza maji upande usio na moto. Kadi kwanza. Kisha akiba ya dharura, maana pesa ikishaingia ukutani haitoki mpaka ukope tena au uuze. Kisha ile pensheni ambayo mwajiri anachangia sawa na wewe. Kuiacha hiyo ni kukataa mshahara.

Wapo na wanaosema tusilipe mapema kwa sababu riba ya nyumba inapunguza kodi ya mapato. Hilo limebaki la wenye nyumba kubwa. Tangu 2018, kiwango cha kawaida kinachokatwa kwenye kipato kabla ya kodi kilipopandishwa karibu mara mbili, familia nyingi za kipato chetu hazifaidiki na riba hiyo hata senti.

Ndugu zangu wa pwani mtaniuliza habari ya riba yenyewe, na mna haki. Wapo Waislamu wengi huku ambao wamekaa miaka kwenye nyumba za kupanga kwa sababu hiyo. Kuna kampuni, mojawapo Guidance Residential, zinazonunua nyumba kwa ubia na wewe: unalipia sehemu yao kidogo kidogo, na wanakutoza kwa kutumia ile ambayo bado ni yao. Masheikh wengine wameridhia, wengine wanasema ni mkopo uliovishwa kanzu. Mimi si wa kutoa fatuwa. Ila hata huko, anayenunua sehemu ya mwenzake haraka ndiye anayelipa kidogo.

Nasema yote haya nikijua kubana kuna mpaka. Namfahamu mtu aliyekwepa daktari wa meno mpaka jino likamlaza hospitali, na bili ikameza alichookoa mwaka mzima. Sisi watoto wetu wanatibiwa, na kila baada ya muda tutakuja nyumbani, tiketi tunaziwekea akiba yake. Mama akiumwa, zile 300 za mwezi huo ni zake bila mjadala. Hizo ziada ni hiari yetu, hakuna atakayetupeleka mahakamani tukizikosa, na hiyo ndiyo tofauti kati yake na lile rejesho lenyewe.

Jambo la mwisho linawahusu nyinyi kuliko mimi, hasa wewe mdogo wangu unayetembelea mabenki kutafuta mkopo wa nyumba. Asilimia 6.5 yangu ni kubwa kwa huku, lakini kwa huko ni ndoto. Chukua mkopo wa shilingi milioni 60 kwa asilimia 17, miaka 20. Rejesho ni kama 880,000 kwa mwezi. Katika rejesho la kwanza, 850,000 ni riba. Deni linapungua kwa 30,000 tu. Ukimaliza utakuwa umelipa zaidi ya milioni 211. Wale wakopeshaji wa kausha damu tunawatukana kwa sababu wanakuja mlangoni na kubeba televisheni. Mkopo huu wa benki unakuja na kalamu na kiti cha kuzunguka, na utausaini ukitabasamu. Sikukatazi. Nasema kwa riba ya huko, kila elfu 50 ya ziada ya miaka ya mwanzo ina nguvu kuliko dola zangu.

Basi, utaratibu wangu ni huu. Dawa za bibi na ada za watoto wa marehemu kaka zinakuja tarehe zilezile, haziguswi. Misiba nitachangia kama kawaida. Harusi, kipaimara, ubarikio na sendofu nitatoa nilichonacho bila kukopa kwenye kadi, na sitaki kuona jina langu limeandikiwa kiasi kwenye orodha kabla sijaulizwa. Na wewe mdogo wangu, kabla ya kusaini popote, mwombe afisa mikopo jedwali la marejesho yote, mstari kwa mstari, na umuulize kuna faini gani ukilipa kabla ya muda. Akikupa, lipige picha unitumie. Jumapili jioni ya huko niko jikoni, nitakupigia tulisome wote.

Wasalaam,
Dada yenu