Shida si Mark X, ni hizo tairi kipara

Wasee, tuongee ukweli. Mvua ikinyesha Nairobi na Mark X iingie mtaroni mahali, komenti ni zile zile: "Hiyo gari ni jeneza." Eti inasukumwa na tairi za nyuma, eti ni V6, eti imelaaniwa. Zii, nakataa.

Huko Sweden theluji hukaa miezi. Volvo 240 ilitengenezwa kuanzia 1974 hadi 1993, nayo ilisukumwa na tairi za nyuma. Ilikuwa gari ya familia. Watu walipeleka watoto shule nayo kwenye theluji. Wewe unashindwa na maji ya Jogoo Road?

Siri yao ni tairi. Siku hizi sheria ya Sweden inasema kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31, barabara ikiwa na theluji au barafu, lazima gari ivae tairi za baridi, na mifereji yake isipungue milimita 3. Mpira wake hubaki laini hata baridi ikizidi, ndio unashika barabara.

Sisi je? Msee ananunua Mark X kwa mkopo, anaweka rimu, muziki wa kutingisha madirisha, eksosi ya kulia kama bunduki. Tairi? Mtumba, kipara kama goti.

Elewa hivi: injini iko mbele, uzito mwingi uko mbele, lakini nguvu inaenda nyuma. Kanyaga mafuta kwa kona yenye maji uone mkia ukitoka. Mifereji ya tairi ndio hufukuza maji. Ikiisha, gari inaelea na usukani unabaki pambo. Mvua ya kwanza baada ya jua kali ndio mbaya zaidi, juu inachanganyika na oili na vumbi la barabara.

Na si eti nachukia magari. Mark X naipenda. Lakini mimi ni wa Muthurwa. Hapa tunatembea, tunauza na kungoja matatu ukingoni mwa barabara. Ukiteleza Landhies Road, wewe una mkanda na eabegi. Mama wa nyanya ana gunia tu. Aprili niliona moja ikizunguka mara mbili, ikapanda pale mama mmoja huuzia. Alikuwa ameenda kutafuta chenji. Chenji ndio ilimuokoa.

Mtasema tairi mpya ni ghali. Kweli. Basi uza hiyo spika. Kama huwezi kununua tairi nne, huna Mark X, una deni lenye magurudumu.

Leo usiku toka nje na tochi. Angalia mifereji. Kisha tafuta maandishi ya DOT ubavuni, usome namba nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Ukikuta tairi yako ni ya enzi ukiwa shule ya msingi, jipange.

Na zile video za BMW zikizungushwa kwenye theluji, tazama tu. Wale wako juu ya ziwa lililoganda. Hakuna mtu anauza nyanya hapo.