WAZEE WETU WALIONYESHWA NINI?

Yapo maneno yasemwayo tangu zamani juu ya watu wa Ziwa Tanganyika, ati walipoletewa Ukristo walikuwa wagumu wa moyo, wakaukataa kwa ujinga, hata subira ya wamisionari ikawashinda. Watoto wetu wengine huyarudia bila kuyapima. Sisi twasema yafaa yapimwe. Kabla ya kumhukumu mzee wa Mwamgongo au wa Ujiji kuwa aliikataa dini, tuulize kwanza: alionyeshwa nini?

Hakuwa mtu asiyemjua Mungu. Waha walimtaja Imana kabla ya mgeni yeyote kutia nanga, na pale Ujiji sala za Kiislamu zilikuwa zikisikika tangu wafanyabiashara wa pwani walipojenga huko. Kitabu cha mgeni hakuweza kukisoma. Basi aliutazama Ukristo kwa macho, na kwa macho aliona chombo, nguo na bunduki.

Chombo kilikuwa cha Waingereza. Watu wa London Missionary Society walifika Ujiji Agosti 1878, baada ya tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, kutoa paundi 5,000 kwa ajili ya misheni ya ziwa hili. Mmoja wao, Hore, alikuwa baharia. Mwenzake Thomson alikufa kabla ya mwaka kwisha. Na Dodgshun, aliyewafuata mwaka 1879, alikufa baada ya siku chache tu za kuwasili. Meli yao ilishushwa majini mwaka 1885, nayo iliitwa Good News, yaani Habari Njema. Mpagazi aliyejitwika kipande cha chuma chake kutoka Ziwa Nyasa ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua uzito wa habari hiyo.

Wafaransa nao, mapadre wa Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers, walifika Ujiji Januari 1879. Walivaa kanzu nyeupe na kofia nyekundu, kwa mtindo wa Waarabu wa Algeria, na tasbihi shingoni. Mvuvi aliyewaona wakishuka mtumbwini angewadhania nani kama si Waarabu wengine?

Tena wakaenda sokoni. Ujiji palikuwa na biashara ya watumwa, na mapadre waliwanunua watoto kwa nguo, wakawalea katika dini. Nia yao ilikuwa kukomboa, na mtoto aliyetolewa mnyororoni alikuwa na haki ya kushukuru. Lakini aliyesimama kando aliona nguo zikipimwa, mtoto akikabidhiwa, akienda kwa bwana mpya na kupewa jina jipya. Kwa macho ya jirani, tofauti ilikuwa wapi? Huko Rumonge, ufuko huuhuu ukipiga kasia kwenda kaskazini kutoka Mwamgongo, ugomvi uliohusu mtoto wa misheni uliishia kwa kuuawa mapadre Deniaud na Augier na msaidizi wao D'Hoop, Mei 1881. Misheni ikaandika habari za mashahidi. Wenyeji, kwa upande wao, walikuwa wamegombania mtoto.

Kisha bunduki. Ngome ya Karema, iliyojengwa na chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji, walipewa mapadre mwaka 1885, na ng'ambo ya ziwa Kapteni Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, aliongoza jeshi dhidi ya wateka watumwa. Watu wengi walipona nyuma ya kuta zile, na hilo hatulifichi. Ila mtu aliyekimbilia ukutani alitafuta usalama, na mahubiri yalimkuta humo. Wajerumani walipokuja na kodi yao, rangi ilikuwa ileile. Wakikuyu nao walisema hakuna tofauti kati ya Mzungu na padri.

Jambo lililoacha jeraha refu zaidi ni shule. Sehemu nyingi za bara, hata Buganda, Mkristo aliitwa msomaji. Kusoma na kubatizwa lilikuwa neno moja. Waweza kucheka, ndugu msomaji wa gazeti hili, lakini mzazi Mwislamu wa Ujiji hakucheka. Shule ilikuwa ya misheni, na aliogopa kuwa mwanawe atarudi na jina jingine na sala nyingine. Wengine wakawazuia watoto wao. Siku ilipofika ya kutafuta makarani, walimu na waganga, waliochaguliwa walikuwa wale waliosoma. Serikali ilizitwaa shule hizo mwaka 1969, jambo la haki kabisa, lakini manung'uniko hayakufutwa na sheria. Anayewaambia watu wa ufukoni kuwa walichelewa kwa uvivu awaeleze kwanza mlango wa elimu ulikuwa na bei gani.

Hatusemi kwamba Ukristo ni mali ya Mzungu. Mfalme Ezana wa Aksum aliupokea katika karne ya 4, na Waingereza wa Kent walihubiriwa na Augustino mwaka 597. Wala hatusemi kuwa ziwani hapakuonekana sura nyingine. Adrian Atiman alizaliwa pande za mto Niger, akaibiwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na mapadre haohao, akasomeshwa uganga Malta. Akaja Karema, akaoa hapohapo, akatibu wagonjwa kwa zaidi ya miaka 60 hata kufa kwake mwaka 1956. Mgonjwa aliyefunguliwa mlango na Mwafrika mwenzake aliuona Ukristo mwingine kabisa, ingawa dini ilikuwa ileile. Kwa nini basi kila mtoto anajua kwamba Stanley alikutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871, na ni wachache wanaolijua jina la Atiman?

Shauri letu ni hili. Wazee wa Mwamgongo wenye miaka themanini walilelewa na watu walioishi karibu na mambo haya. Walimu wa kijiji, parokia na msikiti wakae pamoja, kwa maana mtumbwi mmoja wa dagaa waweza kubeba Mwislamu na Mkristo usiku mmoja, wawaulize wazee hao walichosimuliwa, na wakiandike kwa Kiha na kwa Kiswahili. Waanze na wale wasioweza tena kushuka ziwani.