Skripti Inayonyamaza Ndiyo ya Kuogopwa

Tuseme msimamizi wa mifumo ana faili lenye majina ya seva 12, na zote zinahitaji marekebisho ya usalama usiku huohuo. Anaandika skripti fupi: while read isome jina mojamoja, kisha ssh iingie kwenye seva hiyo na kutekeleza amri. Seva ya kwanza inajibu vizuri. Halafu skripti inaisha, bila neno lolote la hitilafu, na seva 11 hazijaguswa.

Hapo ndipo masaa hupotea. Mtandao unakaguliwa, funguo zinakaguliwa, zote nzima. Akiondoa ssh na kuweka echo, majina yote 12 yanatokea. Akiirudisha ssh, linatokea moja tu. Jaribio hilo dogo ndilo linalomtaja mkosaji.

Kwenye Unix na Linux, kila programu hurithi mlango wa kuingizia data kutoka kwa programu iliyoiita. Ndani ya mzunguko ule wa while read, mlango huo umeunganishwa na faili la majina. Nayo ssh imeundwa kusoma chochote kinachopita mlangoni na kukipeleka kwenye seva ya mbali, uwezo ambao watu huutegemea kila siku kuhamisha data. Kwa hiyo inapoitwa mara ya kwanza huzoa majina yote yaliyosalia. Amri ya read ikirudi kutafuta la pili, haikuti kitu, na mzunguko unakoma.

Dawa ni herufi moja: ssh -n, au kuelekeza mlango wake kwenye /dev/null. Tatizo lenyewe si geni. Chaguo hilohilo la -n lilikuwamo katika rsh, amri ambayo ssh ya Mfini Tatu Ylönen ilikuja kuchukua nafasi yake kuanzia mwaka 1995. Hata ffmpeg, programu ya kuchakata video, humeza orodha vivyo hivyo isipopewa -nostdin.

Hata hivyo, ubaya mkubwa uko kwenye ule ukimya. Amri ya mwisho ikifaulu, mzunguko hurudisha sifuri, yaani kazi imefanikiwa, na ripoti ya asubuhi itasema seva zote ziko salama. Skripti inayogusa mashine za watu haifai kuaminiwa kwa sifuri hiyo pekee. Ihesabu majina kabla ya kuanza, ihesabu majibu baada ya kumaliza, na iandike kila mara ssh inaporudisha 255, ishara ya kwamba ssh yenyewe imepata hitilafu, kwa mfano imeshindwa kuunganisha.

Mafunzo mengi ya Tehama humkabidhi mwanafunzi orodha ya amri bila kumweleza data inatoka wapi na inaishia wapi. Wakufunzi waanze na njia za data, na ShellCheck, programu ya bure inayolitambua kosa hili, iwekwe kwenye kila kompyuta ya darasani.